Kuanzia Miaka Kumi na Nane

Saa nne asubuhi, mapazia tumeshusha,
feni inazunguka kama mtu aliyelazimishwa.
Mezani fomu tatu, chai ya rangi, mhuri.
Leo ni jasusi yuleyule, sehemu ya saba.

Namjua kuliko ninavyomjua shemeji yangu.
Ataruka kutoka ghorofani, suti haitakunjika.
Ataingia mji wa watu, atauacha unawaka,
na yule mwanamke wa sehemu ya sita
hatamkumbuka hata jina.

Kazi yangu ni kuhesabu.
Waliokufa: arobaini na mmoja, ukiacha wa kwenye treni.
Damu: kidogo, imefutwa kwa utaalamu.
Matusi: mawili, moja kwa Kirusi.
Busu: sekunde kumi na moja.

Hapo Bi Tunu Mbwilo akasimamisha mashine,
akavua miwani, akaivaa tena.
"Hilo busu," akasema, "linatupeleka kumi na nane."
Na wale arobaini na mmoja?
"Wale wanakufa vizuri."

Nikaandika. Sikubishana. Nina deni la kiwanja Chanika.

Lakini mhuri ulipogusa karatasi
nikajikuta Tandika, kwenye kibanda cha Chande,
mabati, magunia, mabenchi yenye misumari inayojua suruali zetu,
shilingi hamsini mlangoni,
au yai, kama hamsini huna.

Chande ndiye alikuwa bodi yetu, bodi nzima, mtu mmoja.
Kiingereza hakujua, akatutafsiria hivyohivyo:
"Hapa anamwambia, we bwege, rudisha hela za watu!"
Nasi tulikuwa na sheria moja tu, steringi hafi.
Midomo ikikaribiana, Chande anaruka
na kanga ya mkewe, anaitandaza mbele ya kioo.
"Hapa wanasalimiana," anasema,
anakohoa mpaka salamu ziishe.
Salamu nyingine zilikuwa ndefu.
Tulisoma kanga:
NIMEYAONA NIMEYANYAMAZIA.

Siku moja, sehemu ya pili, jasusi ananing'inia kwenye kreni,
kelele za nje zikazishinda za ndani.
Mwizi!
Tukatoka wote, wadogo mbele.
Nilikuwa na miaka tisa.

Shati la njano. Kiatu kimoja.
Tairi lilitoka gereji, petroli sijui ilitoka wapi,
na mtu akaomba kiberiti kwa adabu,
"samahani kaka, una kiberiti?"
kama anayetaka kuvuta sigara.
Hakukuwa na muziki.
Alikuwa anaita, "Semeni! Semeni!"
Sijui Semeni alikuwa nani.
Mimi nilingoja pale ambapo
steringi anazifungua kamba kwa meno.

Hakuna aliyeniuliza umri.

Chande akapasua umati, kanga begani.
Kwanza akaitandaza mbele yetu, mikono juu,
kama alivyozoea.
Lakini sisi tulikuwa wengi na kanga ilikuwa moja,
na harufu haizibwi kwa kitambaa.
Akasimama hivyo, mikono ikimtetemeka.
Kisha akageuka, akangoja moto uchoke,
akamfunika yeye.
Maandishi yalikuwa juu. Niliyasoma tena.

Alifungua kibanda siku ya nne.
Busu likaja, tukamtazama,
naye akabaki amekaa kwenye kreti la soda,
mikono mapajani,
analiangalia kama sisi.
Tukaona aibu. Wengine tulifumba macho wenyewe.

"Wewe, saini," anasema Bi Tunu.
Mstari wa mwisho wa fomu: *Maoni mengine.*
Nimeandika, hakuna.
Nimekata. Nimeandika shati la njano,
nimekata na hilo, mpaka karatasi imetoboka,
na sasa natafuta fomu mpya kwenye droo.

Mchana tuna katuni.